Tiba ya Simu: Je, Fimbo ya Mbali Yaweza Kuua Nyoka?

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Tulifunzwa methali hii shuleni, nasi tukawafunza wengine, bila ya yeyote kuitilia shaka. Lakini katika miaka ya karibuni wamezuka watu wanaoipinga. Wanasema kwamba daktari aliye Nairobi aweza kumhudumia mja mzito aliye Dadaab bila ya kumgusa. Kwamba mkunga aliye kambini aweza kuongozwa kwa simu na bingwa aliye ng'ambo. Na kwamba mwanamke aliyezingirwa na vita au mafuriko hana haja tena ya kusafiri masafa marefu kutafuta ushauri wa uzazi. Simu, wanatuambia, ndiyo fimbo ya mbali inayoua nyoka.

Mimi si daktari, wala sikusudii kuwafunza madaktari kazi yao. Hata hivyo, suala hili si la madaktari peke yao. Linahusu pesa za umma na za wafadhili, na linahusu uhai wa mama zetu, dada zetu na wanafunzi wetu. Katika makala haya nataka kuuliza swali moja tu: tutajuaje kwamba tiba hii inafaa? Rai yangu ni kwamba njia inayotumiwa mara nyingi kuipima, yaani kuhesabu simu zilizopigwa na watu walioridhika, haitoshi na yaweza kutupotosha. Kipimo cha haki ni kuuliza yaliyompata mwanamke baada ya simu kukatwa, na yaliyompata yule ambaye hakupiga simu kabisa.

Kwanza, tuelewane kuhusu maneno. Tiba ya mbali ni huduma ya afya inayotolewa wakati mgonjwa na mtaalamu hawako mahali pamoja. Katika afya ya uzazi huwa ya namna tatu. Ya kwanza ni mwanamke kuzungumza na daktari au mkunga moja kwa moja, kwa simu au kwa video. Ya pili ni mhudumu aliye kando ya kitanda cha mgonjwa kumtaka shauri bingwa aliye mbali. Ya tatu ni jumbe fupi za simu zinazomkumbusha mja mzito siku ya kliniki na kumweleza dalili za hatari. Namna hizi tatu hazilingani, na anayezichanganya katika hesabu moja hutoka na jibu lisilokuwa na maana.

Umuhimu wa jambo hili haufichiki. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka wa 2023 wanawake 260,000 hivi walikufa duniani kwa sababu za ujauzito na uzazi, yaani zaidi ya 700 kila siku. Hapa kwetu, takwimu zilizotokana na sensa ya mwaka wa 2019 zilionyesha vifo 355 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Lakini wastani huo unaficha mengi. Katika kaunti ya Nyeri vifo vilikuwa 67. Katika kaunti ya Garissa vilikuwa 641. Garissa ndiko ziliko kambi za Dadaab, ambazo zimekuwapo tangu mwaka wa 1991. Mwaka wa 2023 na tena mwaka wa 2024, barabara ya kutoka Garissa kuelekea Nairobi ilikatwa na maji pale Madogo hata watu wakavushwa kwa mashua. Kwa hivyo tunapozungumza juu ya mwanamke aliye katika janga, hatuzungumzi juu ya mtu wa mbali. Ni Mkenya, au ni mgeni wa Mkenya.

Wanaoisifu tiba ya mbali hawasemi uongo. Tuuchunguze ushahidi wao kwa insafu, tukianzia nyumbani. Mnamo Machi 25, 2020, serikali yetu ilitangaza kafyu ya usiku ili kuzuia kuenea kwa ugonjwa wa Korona. Uchungu wa uzazi haujui kafyu. Akina mama waliogopa kutoka usiku, magari hayakupatikana, na wengine walifika hospitalini wakiwa wamechelewa mno. Daktari mmoja kijana aliyekuwa akisomea ubingwa wa uzazi katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Jemimah Kariuki, aliliona jambo hilo, akajitolea hadharani kuwasaidia waja wazito wafike hospitalini. Kutokana na juhudi zake ikazaliwa huduma iliyoitwa Wheels for Life. Mwanamke alipiga nambari isiyolipishwa, 1195, akazungumza na mtaalamu aliyepima uzito wa hali yake. Aliyehitaji ushauri tu alishauriwa. Aliyehitaji kufika hospitalini alipelekewa teksi, na aliyekuwa hatarini alipelekewa ambulensi.

Tulitazame tukio hilo kwa makini. Ni nini hasa kilichomwokoa mama wa Nairobi usiku wa kafyu? Je, ni simu? Hapana, simu iliita, lakini magurudumu ndiyo yaliyombeba, na hospitali yenye wakunga, damu na chumba cha upasuaji ndiyo iliyompokea. Simu ilikuwa kiungo cha kwanza katika mnyororo wenye viungo vitatu. Ukiondoa kimoja, vingine havina kazi.

Mfano wa pili unatoka kwa jirani zetu wa Somalia. Mwishoni mwa mwaka wa 2010 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianzisha huduma ya tiba ya mbali katika hospitali ya Guriceel, mahali ambapo madaktari wa kigeni hawakuweza kukaa kwa sababu ya vita. Daktari wa watoto aliyekuwa Nairobi alishauriana kwa video na matabibu wa Kisomali waliokuwa wodini. Katika mwaka wa kwanza, kati ya watoto 3,920 waliolazwa, 346 walijadiliwa kwa njia hiyo. Matibabu ya 222 kati yao yalibadilishwa kwa kiasi kikubwa, na kwa watoto 88 iligunduliwa hali ya kutishia maisha ambayo ilikuwa imepitwa. Idadi ya waliokufa au kutoweka kabla ya kupona ilishuka kutoka asilimia 7.6 hadi 5.4.

Huu ulikuwa uchunguzi wa watoto, si wa waja wazito, lakini una mafunzo mawili kwa suala letu. Funzo la kwanza ni kwamba tiba ya mbali hustawi pale ambapo mkono wa karibu upo. Matabibu wa Guriceel walikuwa wodini, wakiwa na dawa, vitanda na hewa ya oksijeni. Bingwa wa Nairobi aliongeza maarifa juu ya mikono iliyokuwa tayari ikifanya kazi. Fauka ya hayo, kadiri siku zilivyopita matabibu hao walihitaji kusahihishwa mara chache zaidi kuhusu magonjwa kadhaa, maana walikuwa wakijifunza. Funzo la pili linahusu upimaji wenyewe. Kulinganisha mwaka mmoja na mwaka uliotangulia ni kipimo chenye udhaifu, kwa sababu mambo mengi mengine yaweza kubadilika kati ya miaka hiyo miwili. Mwanafunzi wa sayansi anayesoma makala haya na akumbuke: kutangulia si lazima kuwe kusababisha.

Mfano wa tatu unatoka Uingereza, na ndio unaotajwa zaidi katika mijadala. Wakati wa Korona, serikali ya huko iliruhusu wanawake wenye mimba changa, wanaostahili kisheria kuitoa, washauriwe kwa simu na kumeza dawa nyumbani. Watafiti walichunguza matukio 52,142 ya kabla na baada ya mabadiliko hayo na kuchapisha matokeo mwaka wa 2021. Muda wa kungoja ulipungua kwa siku nne hivi. Dawa zilifanya kazi kwa zaidi ya asilimia 98 ya wanawake katika makundi yote mawili, na madhara makubwa yalikuwa machache mno. Najua kwamba suala hili linawagawanya Wakenya kwa misingi ya dini na dhamiri, na Katiba yetu, katika Kifungu cha 26, hairuhusu utoaji wa mimba isipokuwa pale ambapo mtaalamu wa afya aliyefunzwa anaona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Sikusudii kuufungua mjadala huo hapa. Ninalotaka kulisema ni la upimaji. Matokeo hayo yalipatikana katika nchi ambayo mwanamke akitokwa na damu kupita kiasi saa nane za usiku, ambulensi huitika na hospitali huwa wazi. Kuyachukua na kuyapandikiza Kakuma au Darfur, kana kwamba ambulensi nayo imo ndani ya simu, ni kujidanganya.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha suala. Yako mambo ambayo sauti ya mbali yaweza kuyatenda vyema. Yaweza kumshauri mwanamke juu ya mbinu za kupanga uzazi na kumtuliza anapopatwa na madhara madogo ya dawa. Yaweza kumjulisha kwamba kuumwa sana na kichwa na kuona ukungu ni dalili za kuelekea kwenye kifafa cha mimba. Yaweza kumliwaza aliyetendewa unyama. Yaweza kumwongoza mkunga aliyebaki peke yake. Lakini yako mengine yasiyokubali umbali. Damu inayomwagika baada ya kujifungua yaweza kumuua mwanamke mwenye siha njema kwa muda wa saa mbili. Haizuiwi na maneno. Huzuiwa na dawa, mikono, na pengine damu ya kuongezwa. Aliyebakwa anapaswa kuanza dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi kabla ya saa 72 kwisha, na dawa za dharura za kuzuia mimba kabla ya saa 120. Mshauri aliye kwenye simu aweza kumtajia saa hizo, lakini hana uwezo wa kumpitishia vidonge katika waya.

Pia tuikumbuke tabia ya vita vyenyewe. Anayetaka kuwadhulumu raia hukata simu kwanza. Katika vita vya Tigray, vilivyoanza Novemba 2020 na kusitishwa kwa mkataba wa Pretoria mnamo Novemba 2022, mawasiliano ya jimbo hilo yalikatwa kwa muda mrefu. Huko Gaza, ambako Umoja wa Mataifa ulikadiria mwezi wa Oktoba 2023 kwamba kulikuwa na waja wazito 50,000 hivi, simu zilizimika usiku wa Oktoba 27 mwaka huo, na watu hawakuweza hata kuita ambulensi. Nchini Sudan, mwezi wa Februari 2024, mitandao ya simu ilizimika karibu nchi nzima. Nako El Fasher, mwishoni mwa Oktoba 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangaza ripoti za kuuawa kwa zaidi ya watu 460, wagonjwa na waliowasindikiza, ndani ya hospitali ya uzazi iliyokuwa tegemeo la mwisho la mji huo. Simu ingemwelekeza wapi mja mzito wa El Fasher asubuhi iliyofuata? Huduma ya mbali inayotegemea mnara wa simu na hospitali huanguka vinapoanguka viwili hivyo, nayo huanguka siku ile ile inapohitajika zaidi.

Hata pale ambapo mnara umesimama, si kila mwanamke aliye chini yake. Katika nyumba nyingi simu ni moja, na ni ya mume. Mwanamke anayetaka kuuliza juu ya kupanga uzazi, au juu ya aliyemdhulumu, hawezi kuuliza huku mwenye simu, ambaye pengine ndiye mdhulumu, ameketi kando yake akisikiliza. Kusajili laini kunahitaji kitambulisho, na mkimbizi aliyefika juzi hana. Lugha nayo ni ukuta. Mama wa Kisomali, wa Kiturkana au wa Kidinka anayejibiwa kwa Kiingereza hajatibiwa kwa mbali. Amefukuzwa kwa mbali. Na siri je? Tumepata Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka wa 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka wa 2023, lakini sheria haiufuti ujumbe uliobaki kwenye simu ambayo mume ataichukua jioni.

Niwape walimu wa hisabati mfano wa kubuni ambao wanaweza kuutumia darasani. Tuseme katika kambi moja wako wanawake 100 wanaohitaji msaada wa uzazi mwezi huu. Kati yao 30 wanapiga simu, na 27 wanasema wameridhika. Ripoti itaandikwa kwamba huduma imefaulu kwa asilimia 90, na picha ya mama anayetabasamu itawekwa kwenye jalada. Lakini wale 70 wamekwenda wapi? Ukiwagawanya walioridhika kwa wote waliohitaji, asilimia 90 hugeuka kuwa 27. Na ukiuliza ni wangapi kati ya hao 27 waliofika kwenye kituo walichoelekezwa, huenda nambari ikashuka tena. Hakuna aliyesema uongo katika ripoti hiyo. Kilichochaguliwa vibaya ni nambari ya kugawanyia.

Basi tuipime vipi? Naona kwamba kila mradi wa tiba ya mbali kwa wanawake walio katika janga unapaswa kujibu maswali matano. Mosi, kati ya wote waliohitaji huduma, ni wangapi waliofikiwa, na walioachwa ni akina nani? Pili, kati ya walioelekezwa hospitalini, ni wangapi waliofika, na baada ya saa ngapi? Tatu, hali yao ilikuwaje siku saba, na tena siku 42, baada ya kujifungua au kutibiwa? Nne, siku ambazo mtandao ulizimika, huduma iliendeleaje? Tano, je, yuko mwanamke aliyepigwa, kufukuzwa au kuaibishwa kwa sababu siri yake ilivuja? Mradi usioweza kujibu maswali haya haujapimwa, hata kama umepokea simu milioni moja.

Wako watakaosema kwamba ninadai makuu. Kwamba katikati ya vita na njaa hakuna nafasi ya utafiti. Hoja hiyo ina uzito, na si haki kumtaka mkunga anayekimbia risasi ajaze fomu kumi. Lakini upimaji madhubuti hauhitaji anasa. Mwaka wa 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, likiwahusisha wanawake zaidi ya 210,000. Kilichojaribiwa hakikuwa mtambo wa ajabu. Kilikuwa ni karatasi ya plastiki yenye alama za vipimo, inayowekwa chini ya mzazi ili damu anayopoteza ionekane kwa kiasi chake, pamoja na utaratibu wa kumpa matibabu yote kwa mpigo mara tu kiasi hicho kinapozidi. Hospitali ziligawanywa kwa kura, nyingine zikapewa utaratibu mpya na nyingine zikaendelea kama kawaida. Hatari ya kutokwa na damu nyingi kupindukia, kupasuliwa kwa ajili yake au kufa kutokana nayo ilipungua kwa asilimia 60. Hospitali hizo hazikuwa vitani, nakubali. Hata hivyo, kama plastiki ya bei nafuu ilistahili kupimwa kwa makini kiasi hicho kabla ya kusifiwa, kwa nini simu isamehewe?

Swali hili lina haraka kuliko lilivyokuwa miaka michache iliyopita. Tangu Januari 2025, Marekani ilipositisha sehemu kubwa ya misaada yake ya kigeni na hatimaye kulifunga shirika lake la misaada, huduma nyingi za afya katika kambi na maeneo ya vita zimepunguzwa. Katika hali kama hiyo, simu ina mvuto mkubwa kwa mwenye kushika mfuko. Ni rahisi, haili posho, haiombi nyumba, haihitaji ulinzi. Hofu yangu ni kwamba tiba ya mbali, iliyobuniwa ili imsaidie mkunga, itageuzwa kuwa sababu ya kumwondoa. Kliniki itafungwa, nambari ya simu itabandikwa mlangoni, na ripoti itasema kwamba huduma imeboreshwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye ofisini hausikii uzito wake.

Sisemi simu itupwe. Lau ningekuwa na uwezo, kila mkunga aliye Hagadera, Kalobeyei au Mandera angekuwa na bingwa wa kumpigia simu usiku wa manane, na kila mja mzito angepata ujumbe katika lugha anayoielewa. Ninachosema ni kwamba pesa za simu zisitoke katika mshahara wa mkunga, wala katika mafuta ya ambulensi, wala katika akiba ya damu. Wizara ya Afya, serikali za kaunti na mashirika yanayohudumia wakimbizi yanapaswa kuweka sharti hili kwa maandishi: mradi wa tiba ya mbali usioonyesha kituo cha kumpokea mgonjwa na chombo cha kumfikisha huko usiruhusiwe kujiita huduma ya uzazi.

Nanyi walimu na wanafunzi mna nafasi yenu. Mtu yeyote atakapokuja shuleni au kijijini kwenu akisifu chombo kipya cha kuokoa akina mama, msimkatishe tamaa, lakini mwulizeni maswali yale matano. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sisi wengine tunaweza angalau kuhesabu sawasawa.

Je, fimbo ya mbali yaweza kuua nyoka? Nimefikia kuamini kwamba wahenga hawakukosea. Fimbo ya mbali yaweza kutuonyesha alipo nyoka, na hiyo si faida ndogo kwa aliye gizani. Lakini wa kumpiga ni yule aliye karibu, na hana budi kuwa na fimbo yake mkononi.